Nyota za ramani, alama za waliolala au neno la bodaboda: ukitafuta chumba Dodoma umsikilize nani?

Kuanzia Aprili hadi mwishoni mwa Juni, Bunge likiwa kwenye bajeti, Dodoma huwa na wageni wengi kuliko vyumba. Wanakuja wabunge na wasaidizi wao, maofisa wa mashirika, waandishi wa habari, madereva, na wananchi wenye shida zao waliomfuata mheshimiwa wa jimbo lao. Wiki ya mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hali huwa hiyohiyo, ila safari hiyo wageni ni wazazi na mashangazi. Karibu kila mmoja, kabla hajapanda basi au treni, hufungua simu akaangalia nyota. Gesti ya Kisasa ina 4.6, ya Area C ina 3.9, ya Nkuhungu haina nyota hata moja. Anatuma pesa ya kushikia chumba kwenye ile ya 4.6, kazi imekwisha.

Ndugu na jamaa wanaokuja huku wameshazoea kunipigia mimi niwatafutie pa kufikia, kwa hiyo nimelazimika kuwa na msimamo kuhusu hizo nyota. Vyanzo vyote navipima kwa maswali mawili: nani anaruhusiwa kusema, na akisema uongo anapoteza nini? Namba yenyewe, iwe 4.6 au 8.3, naiangalia mwisho.

Nyota za wazi: Google na Tripadvisor

Hapa anasema yeyote mwenye akaunti. Haulizwi risiti, wala haulizwi kama aliwahi kukanyaga mlangoni. Watu wengi wakisikia hivyo wanatupilia mbali, lakini tuanze na faida, kwa sababu ipo. Kwa mji kama wetu, ramani ya Google ndiyo pekee iliyoingia mitaani. Gesti ndogo za Chang'ombe, migahawa ya Majengo, gereji, maduka ya dawa, mafundi simu: hao usitegemee kuwakuta kwenye mitandao ya kuweka nafasi za hoteli. Kwenye ramani wengi wao wamo, na wengine wana picha zilizopigwa na wateja.

Hizo picha nazithamini kuliko nyota. Picha ya mwenye nyumba inakuonyesha taulo lililokunjwa mfano wa bata juu ya shuka nyekundu. Picha ya mteja inakuonyesha bafu: ndoo, bomba, kutu ya sinki, na kile kidirisha kisichofungika. Ukipata picha tatu za bafu kutoka kwa watu watatu tofauti, umeshajua zaidi ya atakachokuambia mtu wa mapokezi.

Tripadvisor, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, naizungumzia kwa ufupi. Kwa Zanzibar, Arusha na Moshi ina uzito, kwa sababu watalii ndio waandishi wake. Huku katikati ya nchi watalii ni wapitaji: anaelekea kuangalia michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2006, au anateremka kwenda Ruaha. Amelala usiku mmoja, ameandika kuhusu chai ya asubuhi, ameondoka. Kwa Dodoma mimi huiruka.

Sasa kasoro. Mwaka 2017 mwandishi mmoja wa Uingereza, Oobah Butler, aliliandikisha banda la bustanini kwake huko London kuwa ni mgahawa, akawaomba marafiki zake waandike maoni. Novemba mwaka huohuo "mgahawa" huo, ambao ulikuwa haujampikia mteja hata mmoja, ukashika nafasi ya kwanza Tripadvisor kati ya migahawa yote ya London. Watu walikuwa wanapiga simu kuomba meza. Kama hilo liliwezekana kwenye mji wenye maelfu ya migahawa na wakosoaji wa chakula wanaolipwa mshahara, gesti yenye maoni kumi na mawili mtaani kwetu inahitaji shemeji wangapi ili ifike 4.9?

Kishawishi chenyewe kinaeleweka. Michael Luca wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwahi kufuatilia migahawa ya Seattle na mapato yake. Kwenye utafiti wake wa 2011 alikuta kuongezeka kwa nyota moja kwenye Yelp, mtandao wa maoni wa Marekani, kunaambatana na ongezeko la mapato la asilimia 5 hadi 9, na faida hiyo iliangukia migahawa ya watu binafsi, siyo ile ya minyororo mikubwa yenye jina tayari. Yaani mdogo asiyejulikana ndiye anayenufaika zaidi na nyota ya kweli, na ndiye mwenye sababu kubwa zaidi ya kutafuta ya uongo.

Kuna jambo jingine ambalo halihitaji hata mwongo. Anayeandika kwanza anawavuta wanaofuata. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha jaribio la watafiti watatu walioyapa maoni fulani ya mtandaoni kura moja ya sifa, bila sababu yoyote, kwa kubahatisha tu. Mwishowe maoni yale yaliishia na alama za juu kwa asilimia 25 kuliko yale yaliyoachwa yalivyo. Kura moja tu. Kwa hiyo gesti mpya ya Ihumwa ikifunguliwa na binamu watano wakaandika siku ya kwanza, hata mgeni mkweli wa wiki ya tatu anaanza akiwa ameshainamishiwa upande mmoja.

Halafu tuna tabia yetu wenyewe. Mtu amelala bila maji, amekunywa chai baridi, lakini akiandika ni "Pazuri sana, Mungu awabariki", nyota tano. Kumwaibisha mtu hadharani tunaona vibaya, na kwenye akaunti mara nyingi jina lako linaonekana. Dodoma hili ni zito zaidi ya Dar: mji umejaa watumishi, na mwenye loji anaweza kuwa bosi wa bosi wako, au mtu ambaye kesho utapeleka faili mezani kwake. Wengine wanaikumbuka Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na adhabu zake kwa taarifa za uongo, wanaona bora wanyamaze hata kwa jambo la kweli. Matokeo yake wanaobaki kuandika vibaya ni wale waliokasirika kwelikweli, pamoja na wapita njia wasiokuwa na cha kupoteza. Ndiyo maana kwenye ramani ya kwetu utakuta tano nyingi, moja chache, na katikati pamekauka. Mimi nikikuta maoni ya nyota tatu yenye sentensi nne, hayo ndiyo nayasoma kwa makini, kwa sababu aliyeyaandika hakuwa na hasira wala hakuwa anamfurahisha mtu.

Alama za aliyelipa: Booking.com

Kule huandiki mpaka uwe umeweka nafasi kupitia kwao na muda wako wa kulala umekwisha. Uongo bado unawezekana, ila sasa una bei: lazima chumba kilipwe na mtandao ukate kamisheni yake. Shemeji watano wanakuwa gharama.

Tofauti hii imepimwa. Mwaka 2014 watafiti watatu wa Marekani, Mayzlin, Dover na Chevalier, walichukua hoteli zilezile na kuangalia maoni yake kwenye Expedia, mtandao wa kuweka nafasi ambako lazima uwe umelipa, na kwenye Tripadvisor, ambako yeyote anaandika. Hoteli za watu binafsi zilikuwa na nyota tano nyingi zaidi kule kwa wazi kuliko kule kwa kulipia. Na hoteli zilizopakana na hoteli za namna hiyo zilikuwa na nyota moja na mbili nyingi zaidi, kulekule kwa wazi. Mwenye hoteli anajisifu, kisha anampaka matope jirani. Ukiitembelea mitaa yetu yenye gesti tatu zilizoshikana ukuta, huhitaji kwenda Marekani kuelewa.

Kwa hiyo mahali palepale pakiwa na 4.6 kati ya 5 kwenye ramani na 7.1 kati ya 10 kwa waliolipa, mimi naamini 7.1. Lakini si kila mara, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa.

Kwanza, 7.1 siyo asilimia 71. Kwa miaka mingi alama ya chini kabisa ambayo mgeni aliweza kuitoa Booking ilikuwa 2.5, jambo ambalo watafiti wa Hispania walilianika mwaka 2015. Mgeni aliyechukizwa na kila kitu alikuwa bado anatoa robo. Mfumo ule ulikuja kubadilishwa, lakini mazoea ya kuziona alama zote ziko juu yamebaki. Rula yangu ni hii: kuanzia 8.5 naweza kumpeleka mama mzazi, kati ya 7.5 na 8.5 nasoma kwanza, chini ya 7 sigusi labda iwe wiki ya bajeti na kila mahali pamejaa.

Pili, angalia ni nani hayumo. Hoteli nyingi za Dodoma zinaishi kwa semina, warsha na vikao kazi. Ofisi inapiga simu, inaweka vyumba arobaini, inalipa kwa ankara. Wale arobaini hawakupita Booking, kwa hiyo hawana ruhusa ya kusema kitu. Alama ya hoteli hiyo imetolewa na wachache waliopita njia nyingine, huku waliojaza ukumbi na vyumba wako kimya. Mshiriki wa warsha naye, chumba hakilipi mwenyewe. Akiwa na posho yake mfukoni, malalamiko yake yanaishia kwenye meza ya chai.

Tatu, gesti nyingi za elfu ishirini na thelathini hazimo. Na hoteli iliyomo mara nyingi inakuwa na bei pungufu ukipiga simu moja kwa moja, kwa kuwa kamisheni inaondoka na mnabaki nyie wawili na maelewano. Mtandao nautumia kusoma, simu naitumia kulipia.

Namba ya watu ni nusu ya habari

Chukua gesti mbili. Ya kwanza ina nyota 5.0 kutoka kwa watu 6. Ya pili ina 4.2 kutoka kwa watu 340. Akija mgeni mmoja mwenye hasira akatoa nyota moja, ya kwanza inaporomoka hadi 4.4 kwa usiku mmoja. Ya pili haitikisiki, inabaki 4.2. Wastani unaoweza kuangushwa na mtu mmoja uliweza pia kupandishwa na mtu mmoja.

Kuna hesabu ya haraka ambayo inafanana na ile wanayotumia IMDb, mtandao wa filamu, kupanga filamu zao bora, ili filamu iliyopigiwa kura na watu wachache isiruke juu ya zile zilizotazamwa na mamilioni. Ongeza watu kumi wa kufikirika kwa kila gesti, kila mmoja mpe nyota 3. Gesti ya kwanza inakuwa na karibu 3.8, ya pili inabaki karibu 4.2. Kumi hao ni shaka yako. Mahali penye wateja halisi wengi wanaimeza hiyo shaka. Penye wachache inawameza wao. Ukiwa kwenye basi hesabu hii unaifanya kabla hujafika Gairo.

Pande mbili, na nyota za wizara

Airbnb (mtandao wa kukodi nyumba za watu) na programu za teksi na bodaboda za simu zina utaratibu wao: wewe unampa alama mwenyeji au dereva, naye anakupa wewe. Airbnb tangu 2014 wanayaficha maoni ya wote wawili mpaka kila mmoja awe ameandika au siku 14 zipite, ili mtu asilipize. Hata hivyo utafiti wa 2015 ulikuta karibu asilimia 95 ya nyumba zilizokuwa na alama huko zina 4.5 au 5. Ukishakaa sebuleni kwa mtu, ukacheza na mtoto wake, nyota mbili zinakushinda mkono. Kwa dereva ni vilevile: wote ni 4.8, kwa hiyo 4.8 haisemi kitu, ila 4.2 inasema sana.

Zile nyota za ukutani, za Wizara ya Maliasili na Utalii, ni jambo tofauti kabisa na watu wanazichanganya. Wakaguzi hutumia vigezo vya Jumuiya ya Afrika Mashariki na wanakagua vitu: vyumba, jiko, usalama, vifaa, huduma zinazotakiwa kuwepo. Hoteli ya nyota tatu za wizara ikiwa na 3.7 kwa wateja hakuna aliyedanganya. Mkaguzi alihesabu, mteja alikaa. Kwa gesti za kawaida nyota hizi hazikusaidii kwa sababu nyingi hazimo kwenye madaraja hayo.

Neno la mdomo

Hiki ndicho chanzo cha zamani kuliko vyote na kwa Dodoma bado kina nguvu. Lakini nacho kina maswali yaleyale mawili: nani anasema, anapoteza nini.

Ukishuka stendi ya Nanenane usiku, bodaboda wa kwanza atakuambia, "Bosi, twende nikupeleke pazuri, pasafi, bei poa." Huyo ana cha juu chake: baadhi ya gesti humpa kitu kidogo kwa kila mgeni anayemleta. Neno lake ni tangazo lenye helmeti. Bodaboda wa kumuuliza ni yule ambaye hakupeleki kokote, aliyekaa kijiweni karibu na gesti yenyewe, anayewaona wageni asubuhi wakitoka. Swali langu kwake ni fupi.

"Kaka, hapo ndani maji yapo?"

"Mkuu, juzi wageni walikuwa wanaoga kwa ndoo. Leo sijui."

Sentensi hiyo huipati kwenye nyota za mtu yeyote. Ni ya juzi, ina jambo moja mahususi, na msemaji amekiri mpaka wa anachokijua.

Makundi ya WhatsApp ya ofisi, ya waumini, ya waliosoma pamoja yana faida ambayo mtandao hauna: msemaji anajulikana. Dada wa uhasibu akinipeleka pabaya, Jumatatu tutaonana. Hiyo ndiyo dhamana yake. Udhaifu ni kwamba ni mtu mmoja, usiku mmoja, na ladha yake. Anayelala fofofo atakusifia loji iliyopakana na baa. Na tusidanganyane, kundini kuna watu wenye shemeji mwenye gesti pia. Mimi nikiona mtu ametoa jina na namba ya simu ndani ya dakika moja, bila neno lolote kuhusu chumba, namuuliza, "Ulilala lini, na ulilipa shilingi ngapi?" Wengi hapo ndipo wanaposema, "Mimi mwenyewe sijalala, ila nasikia pazuri."

Kitu ambacho wastani unakificha

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na loji ikifika 4.7 meneja hupunguza mhudumu mmoja. Wastani wa ramani unabeba maoni ya miaka yote kwa uzito unaokaribiana, wakati wewe unalala leo. Kwa mji unaobadilika polepole si tatizo kubwa. Dodoma si mji huo. Serikali ilianza kuhamia rasmi kuanzia 2016, mji ukatangazwa jiji Aprili 26, 2018, wizara zikajengwa Mtumba, stendi kuu ikahamia Nanenane, na treni ya SGR ikaanza kufika kutoka Dar Julai 2024. Maoni ya zamani yanayosema "karibu sana na stendi, unatembea kwa mguu" yalikuwa ya kweli siku yalipoandikwa. Leo yanakutupa mbali na stendi, ukiwa na mabegi. Yanayosifia utulivu wa mtaa huenda ni ya kabla lami haijapita na maroli hayajaijua njia. Panga maoni kwa mapya kwanza, soma ya miezi sita, mengine yaache.

Msimu nao. Chumba cha Desemba na chumba cha Mei ni vyumba viwili hata kama namba mlangoni ni moja. Mei bei imepanda, wahudumu wamechoka, chai inaisha saa mbili asubuhi, na jenereta halijapumzika. Maoni ya Desemba hayakudanganyi, ila hayakuhusu. Angalia tarehe kabla ya nyota.

Na maji. Jiji hili kwa muda mrefu limetegemea visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka kwa kasi kuliko mabomba. Maeneo yanapata maji kwa zamu. Kwa hiyo tofauti kati ya gesti nzuri na mbaya mara nyingi iko juu ya paa au nyuma ya ukuta: wana simtank ngapi, na pampu inafanya kazi umeme ukikatika? Kwenye maoni ya ramani tafuta neno "maji" kwenye kile kisanduku cha kutafutia. Dakika moja hiyo inazidi nusu saa ya kusoma sifa.

Je, ni haki kwa mwenye biashara?

Mara nyingi siyo. Nimeona gesti ikipewa nyota moja kwa sababu hawauzi bia, na nyingine kwa sababu basi la mgeni lilichelewa. Mwenye mgahawa anaweza kujibu kwenye ramani, na jibu lake lisome. Meneja anayejibu kwa utulivu, "Pole sana, pampu iliharibika tarehe fulani, tumeibadilisha," ananiambia mengi kuliko aliyelalamika. Anayemtukana mteja naye ananiambia mengi.

Dhuluma kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko kwa ambaye hayumo kabisa. Mama lishe wa Sabasaba anayesonga ugali wa uwele na mlenda kama alivyopikiwa na bibi yake Bahi hana nukta kwenye ramani. Mgeni anayezunguka na simu anampita akielekea kwenye chipsi za 4.3. Kwa chakula cha mchana nyota siziangalii. Naangalia saa sita na nusu watu wa maofisini wanakaa benchi la nani. Hao hula hapo kila siku na kwa pesa yao, na wakiharishwa hawarudi.

Sheria ipo kwa kiasi. Marekani tangu Oktoba 21, 2024 kuna kanuni inayopiga marufuku kununua na kuuza maoni ya uongo. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumhadaa mlaji, na nyota za kununua kwa mtazamo wangu ni kumhadaa mlaji. Ila usisubiri mtu aje kuyakagua maoni ya gesti ya Makulu kabla hujalala.

Pia kuna vitu ambavyo mteja hata akiwa mkweli hawezi kuvipima. Mwaka 2016 watafiti walizilinganisha nyota za bidhaa 1,272 huko Amazon na vipimo vya wataalamu wa Consumer Reports, shirika la Marekani linalopima bidhaa. Viliafikiana kidogo sana. Mtu anajua kama kelele zilimnyima usingizi. Hajui kama nyaya za ukutani zimefungwa sawasawa au kama pampu aliyoinunua itadumu miaka mitano. Kituo cha afya chenye 4.8 kinaweza kuwa kimepata alama hiyo kwa foleni fupi na nesi mwenye tabasamu. Vipimo vya maabara yake mgonjwa hakuviona. Kwa dawa, vifaa vya umeme na mafuta ya kula, alama ya TBS (Shirika la Viwango) na usajili wa TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba) vinatangulia nyota zozote.

Kwa hiyo uchague kipi?

Ukija kikazi, hoteli ya kati, unalipa mwenyewe: anza na alama za waliolipa, kuanzia 8, zenye watu zaidi ya hamsini. Kisha fungua ramani usome ya nyota tatu na picha za bafu. Vikipingana, waamini waliolipa, isipokuwa kama wako chini ya kumi. Hapo rudi kwa mia tatu wa ramani.

Ukitafuta gesti ya bei ya chini, ramani ikupe picha na namba ya simu tu, nyota zisikusumbue. Uamuzi mpe bodaboda wa kijiweni na mtu mmoja wa kundini aliyelala pale ndani ya mwezi huo.

Ukija kwa treni usiku na humjui mtu, lipa ziada kidogo mahali penye maoni mengi na mapya. Huo si wakati wa kujaribu bahati na nyota tano za watu sita.

Kwa familia inayokuja mahafali, watu saba na bibi mmoja asiyeweza ngazi, hakuna nyota inayojibu swali lenu. Chukueni majina matatu kutoka popote, kisha mmoja wenu apige simu mapokezi aulize mambo manne: chumba cha chini kipo, maji mna tangi la lita ngapi, bei ni ya wiki ile au ya leo, na pesa ya kushikia inarudi tusipofika? Mtu wa mapokezi akiyajibu bila kumwita meneja, ninatuma pesa. Akisema "njooni tu, mtaona wenyewe", nampigia wa pili kwenye orodha.